Magunia Sitini ya Kustaafia

Baba yangu alijua kiasi kinachomtosha mtu aliyestaafu. Ni magunia sitini ya mahindi kwa mwaka. Hakupenda kukitaja kwa shilingi, kwa sababu shilingi aliiona ikikonda mbele ya macho yake kama mgonjwa anayekataa uji. Noti zilibadilishwa sura, sarafu zikawa vitu vya watoto kuchezea barazani, lakini gunia lilibaki gunia: la katani, kilo tisini, mdomo umeshonwa kwa uzi mnene. Uzee wake wote aliupima kwa kipimo hicho.

"Gunia nne zinanipa sukari," alikuwa akisema jioni, viatu amevua, miguu ndani ya karai la maji ya moto. "Sita, sabuni na mafuta ya taa. Mbili za kanisa. Kumi ada ya huyu." Huyu nilikuwa mimi, na alininyooshea kidole bila kunitazama. "Nyama kila Jumapili, tuseme nane. Zinazobaki za kula na za kuzikia watu. Sitamwomba mtoto yeyote hata nauli ya kwenda kuzikwa."

"Na mimi gunia ngapi?" mama aliuliza siku moja.

"Wewe utakuwa umekaa."

"Wapi?"

"Umekaa tu, mama watoto. Siku nitakayostaafu, yale mapipa unayapindua."

Mama aliinama akaongeza kuni, lakini niliona mgongo wake umesikia.

Mapipa yalikuwa mawili, ya bati, nyuma ya nyumba yetu ya Lizaboni. Humo mama alipika komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, kwa sababu mshahara wa baba ulikuwa ukiisha kabla mwezi haujafika katikati. Tangu nikiwa mchanga wanaume walikaa kwenye mabenchi yetu kuanzia saa sita mchana. Walitapika penye mchicha wetu. Walimwita mama shemeji, mpenzi, mama yetu, na deni lilipowabana walimwita majina mengine. Jumuiya ya mtaa ilisali rozari kila wiki katika nyumba mojawapo, ikizunguka mlango kwa mlango, na kila ilipotufikia iliruka. Hakuna aliyesema neno. Wanawake walipita na vitenge vyao vya Jumapili, wakamsalimu mama kwa heshima, wakaingia nyumba iliyofuata, na mama akawasikia wakiimba kupitia ukuta huku akichuja machicha.

Hicho ndicho alichokitaka mama. Hakutaka nyama wala sukari. Alitaka zamu yake.

Baba alikuwa mpimaji wa chama cha ushirika. Ghala lao lilikuwa kubwa, la mabati, karibu na barabara, na msimu wa mahindi ulipofika wakulima walipanga foleni hapo tangu alfajiri, wengine kwa trekta, wengi kwa baiskeli, wengine gunia kichwani. Ukutani palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa bei kwa chaki. Bei hiyo ilitangazwa redioni kila mwaka na ilikuwa moja kwa nchi nzima. Mkulima wa Songea alilipwa sawasawa na mkulima anayelima karibu na Dar es Salaam, ingawa kati yetu na Dar es Salaam kulikuwa na safari ndefu ya lori na milima ambayo lori huipanda likilia. Baba aliiamini bei ile kama alivyoamini kwamba Ruvuma inaelekea baharini. Haikumjia akilini kwamba kulikuwa na mtu anayeilipia safari hiyo ya lori, na kwamba mtu huyo angeweza kuchoka.

Wakulima walimwita Bwana Mizani. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, kwa hiyo nilimwona akiwa kazini, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Alishika bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili kutoa punje za kuonja. Alizimimina kiganjani, akatia moja mdomoni na kuiuma. Foleni nzima ilinyamaza kusikiliza. Punje kavu hulia ka! kati ya meno. Punje mbichi hainong'oni hata kidogo.

Siku moja zamu ilimfikia mzee mwenye magunia mawili na baiskeli. Alikuwa mkubwa kwa baba kwa miaka mingi, ila yeye ndiye aliyetoa shikamoo. Hofu ilikuwa imempunguzia umri. Baba hakuitikia. Alichoma bambo, akauma. Kimya.

"Bado yananyonya," baba alisema.

"Nimeyaanika wiki nzima, mkuu."

"Uliyaanika au uliyalalia? Bado yananyonya haya. Yarudishe kwa mama yao."

Foleni ikacheka. Mzee naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekabwa.

"Mkuu, natoka mbali. Baiskeli yenyewe ya kuazima."

"Basi aliyekuazima baiskeli akusaidie kubembeleza watoto. Anayefuata!"

Mzee yule aliyamwaga mahindi yake kando ya lami, akakaa hapo siku tatu akifukuza mbuzi kwa shati lake. Alipoyaleta tena yalilia vizuri, na baba akayapima kwa haki mpaka punje ya mwisho. Hakumwibia. Baba hakuwahi kumwibia mtu hata kikonzi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ukali wake ulikuwa na mizizi hapo hapo. Alijiona ana ruhusa ya kuwadharau watu ambao hawaibii.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachwa huria. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa marobota, sabuni za kila rangi zikapangwa madukani, na vijana waliokuwa wakijificha na magendo wakaanza kutembea katikati ya barabara. Ushirika ukazeeka ghafla. Wakulima walipewa stakabadhi badala ya pesa, wakaambiwa warudi mwezi ujao, na mwezi ujao wakaambiwa hivyo hivyo. Wafanyakazi wakaanza kupunguzwa. Baba alijiona mwenye bahati kwa kuwa umri wake ulifika kabla jina lake halijasomwa. Alipewa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo, blanketi la mistari, na redio ya bendi mbili iliyofungwa utepe mwekundu.

Jumapili iliyofuata wenzake walikuja nyumbani kumuaga, na mama akawapikia komoni ya mwisho. Walikuwa wawili hasa, karani wa stakabadhi na dereva wa lori, na wote wawili walikuwa wakihesabu miaka yao iliyobaki.

"Mimi najenga vyumba vya kupangisha," karani alisema. "Vinne, hapa hapa Lizaboni. Bati na udongo, basi."

"Wapangaji watakukojolea ukutani," baba alisema.

"Wakojoe, mradi walipe."

"Chumba hakioti, bwana. Unaweka chumba kimoja ardhini, mwakani unakikuta kimoja."

"Mimi nataka kitanda cha chuma na mke mdogo," dereva alisema.

"Kitanda utakipata," mama alimjibu akipita na kopo, na wote wakacheka hadi dereva akapaliwa.

Walipokwisha kucheka, dereva akauliza kwa sauti ya kweli. "Lakini Bwana Mizani, mtu akitaka kukaa kwa raha mpaka afe, bila kumwomba mtu, inatosha ngapi?"

"Magunia sitini."

"Sitini tu?"

"Kila mwaka. Shamba lipo njia ya Peramiho, la marehemu baba yangu. Mbolea nitanunua, mvua ya Mungu, na mnunuzi ni serikali. Niogope nini?"

Walipoondoka, mama aliyapindua mapipa. Hakungoja kesho. Machicha yalitiririka mpaka kwenye mfereji wa barabara, kuku wa jirani wakayafuata, na kabla ya magharibi wawili kati yao walikuwa wakitembea upande upande kama wateja wetu. Mama aliwatazama akacheka peke yake. Asubuhi yake alimwita mwanamke wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akimwonea wivu kwa wateja.

"Chukua haya mapipa, jirani."

"Kwa bei gani?"

"Utakayo. Sitaki kuyaona."

Yule jirani alitaja bei ya aibu, na mama akaikubali bila kubisha.

Zamu ya kusali ilitufikia kabla ya mvua. Mama aliyafanya mabenchi ya walevi kuwa kuni, akafagia uwanja mara mbili, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza na kuweka ua la plastiki lililokuwa bado na karatasi ya bei. Wanawake wakaja. Wakaimba. Katikati ya rozari mmoja alianza kukohoa kwa sababu ya harufu iliyokuwa imekaa ndani ya udongo wa uwanja ule kwa miaka mingi, naye mama akanong'ona, "Poleni, nyumba bado haijazoea." Sijamwona mzuri kama siku ile. Alikuwa na hamsini na kitu, na alikaa kwenye kiti, magoti yamebanana, kama bibi harusi anayeogopa kukunja nguo.

Kiinua mgongo kiliingia shambani chote. Baba alilipa vibarua wa kufyeka na kulima, akanunua mbegu bora, akaenda dukani kununua mbolea. Huko alikuta bei imeruka. Ruzuku ya serikali ilikuwa imeondolewa, mwenye duka akamweleza, akimwonyesha mikono mitupu kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa. Baba alirudi nyumbani ameinunua kwa bei hiyo hiyo.

"Wakipandisha mbolea, watapandisha na mahindi," alituambia. "Serikali haiwezi kumpiga mtu mashavu yote mawili."

Na shamba lilimtii. Sijui niseme nini kuhusu mwaka ule ila kwamba ardhi haikuwa na kosa lolote. Mahindi yalisimama marefu kuliko mlango wa kanisa la kigango, majani yakisuguana asubuhi yenye baridi kwa sauti kama ya watu wengi wanaovua makoti. Tulivuna magunia sitini na nane. Baba aliyapanga sebuleni mpaka juu, tukawa tunaingia vyumbani kwa ubavu. Juu kabisa ya magunia, karibu na dari, akaiweka redio.

"Sasa tungoje bei itangazwe," alisema.

Aliyekuja kwanza si bei, bali mnunuzi. Alikuwa mtu wa Tunduru, wa umri wa miaka thelathini hivi, kofia safi ya kushonwa kwa mkono, aliyekuwa akinunua korosho huko Nalasi kabla hajasikia kwamba Songea kuna mahindi mengi na wanunuzi wachache. Alibisha hodi kwa upole, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ilikuwa ya udongo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama. Nimesikia mzee ana mzigo, nikasema nije mwenyewe, asihangaike jua lote hili."

"Mzigo upo," baba alisema. "Ila bei haijatangazwa."

"Bei ipi, mzee?"

"Bei ya nchi."

Yule bwana alitazama redio kule juu. Kisha akamtazama mama, kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "bei ndiyo mimi. Nimekuja nayo mfukoni."

"Wewe ni mlanguzi."

"Zamani, mzee. Sasa ni ruksa, alhamdulillahi, tunaitwa wafanyabiashara." Akaitaja bei yake. Mama aliyekuwa akimletea maji alisimama, kikombe mkononi, maji yakimwagikia vidole. "Si dhuluma, wallahi. Nitoe hapa, nilipe lori mpaka Makambako, nilipe tena mpaka Dar es Salaam, na huko nikute mahindi ya watu wa karibu yameshajaa soko. Hapa kwenu mbali, mzee. Hamkuwahi kuambiwa kwamba ni mbali?"

Baba alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha foleni.

"Bei yako bado inanyonya," alimwambia. "Irudishe kwa mama yake."

Mnunuzi hakukasirika. Alivaa viatu, akasema ghala la ushirika amelipanga tajiri wake, yeye mwenyewe atakuwa hapo msimu mzima, inshallah, karibu wakati wowote. Alipotoka, mama alisema, "Uza nusu."

"Atakayeuza leo atalia kesho bei ikitangazwa."

"Uza ishirini, baba watoto. Ishirini tu."

"Umekaa, hujakaa?" baba alimuuliza. "Si nilikuambia utakaa? Basi kaa."

Redio ilisema mengi. Ilitangaza mpira, vifo, sabuni mpya inayotoa povu jingi, wageni wa serikali waliofika na wageni wa serikali walioondoka. Baba alipanda kwenye kigoda kila jioni kuigeuza ielekee upande wa Dar es Salaam, sikio likiwa limebanwa kwenye spika. Majirani waliuza. Wengine waliuza kwa kulaani, wengine kwa kulia, lakini waliuza, lori zikajaa na kuondoka. Miezi ikapita. Betri zikaisha, akanunua nyingine kwa pesa za mwisho za kiinua mgongo. Nadhani ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa bado akingoja. Hata wale waliokuwa wakitangaza bei zamani walikwishasahau kwamba kuna mtu aliyekuwa akisikiliza.

Mama ndiye aliyegundua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani. Alikuwa akifagia sebule akaona unga mwembamba chini ya magunia, mweupe, laini, kana kwamba kuna mtu alikuwa akisaga kwa siri. Akaufagia. Kesho yake ukawapo tena. Akaweka sikio kwenye gunia, akaniita niweke langu. Ndani mlikuwa na sauti ndogo, nyingi, ya meno yasiyopumzika. Tulikuwa tumelala na sauti ile kwa majuma tukidhani ni mvua inayoanza.

"Njoo usikilize redio yako," mama alimwita baba.

Alisikiliza gunia moja, akahamia la pili, la tatu. Alichukua bambo lake ambalo hakuna aliyemdai alipostaafu, akachoma, na punje zilizotoka zilikuwa nyepesi kama maganda. Akatia moja mdomoni. Haikulia na haikunyamaza. Ilimong'onyoka ikawa vumbi juu ya ulimi wake, naye akabaki amefumba mdomo, hawezi kutema mbele yetu wala kumeza.

Tulipepeta siku nzima. Katika sitini na nane tuliokoa thelathini na kitu ambayo mtu angeweza kuyaita mahindi bila kuona haya. Januari ilikuwa imeingia, mvua zilikuwa zimeshika, chumvi ilikwisha, na ada yangu ilikuwa ikidaiwa. Tukakodi mkokoteni. Baba alivaa koti lake la kazi, lile la kaki lenye mfuko wa kalamu, nikajua ametuona tunamwona, nikatazama pembeni.

Ghala lilikuwa lile lile. Ndani mlikuwa na marobota ya mitumba upande mmoja na mahindi upande wa pili. Ubao mweusi ulikuwapo ukutani, hauna kitu. Mizani ya baba ilikuwapo pia, imesukumwa kwenye kona, wapagazi wametundika mashati yao juu ya mkono wake, na mmoja alikuwa amekaa kwenye sahani yake akinywa chai.

"Shikamoo, mzee wangu," yule mnunuzi alisema, akasimama kumpa kiti. "Karibu sana. Nilisema utakuja."

Baba aliitikia. Hakukaa.

Mnunuzi hakuwa na bambo. Aliingiza mkono mtupu kwenye gunia, akatoa punje chache, akazisugua kati ya vidole viwili. Vumbi lilishuka. Alipuliza vidole vyake kwa adabu, kando, lisimfikie mzee.

"Yameliwa, mzee."

"Tumeyapepeta."

"Naona mmejitahidi. Lakini nitadanganya nani huko niendako? Nitakuchukulia, kwa heshima yako. Ila itakuwa bei ya chakula cha kuku, na tunanunua lumbesa."

"Lumbesa?" mama aliuliza.

Alimwonyesha magunia yaliyopangwa nyuma yake. Hakuna lililoshonwa mdomo. Kila moja lilijazwa hadi pomoni, kisha likaongezewa juu kilemba kikubwa cha mahindi kilichofungwa kwa wavu wa kamba, likawa kama mwanamke aliyebeba mimba kichwani.

"Gunia ni kilo tisini," baba alisema. "Weka kwenye mizani."

"Mizani hiyo imestaafu, babu," alisema yule mpagazi mwenye chai, na wenzake wakacheka. Walicheka vizuri, kwa raha, kama foleni.

"Kilo tisini," baba alirudia. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Gunia ni kilo tisini nchi nzima!"

"Ni kweli, mzee wangu," mnunuzi alisema. "Ni kweli kabisa. Ukipata anayenunua hivyo, mimi mwenyewe nitakusaidia kupakia."

Mvua ilianza kupiga bati. Ndipo mama alipofungua gunia la kwanza, akaanza kuchota kutoka la pili na kulijazia kilemba, kwa mikono, harakaharaka, kama mtu anayeficha kitu. Baada ya muda baba alipiga magoti upande wa pili akashikilia wavu. Yale thelathini na kitu yakawa ishirini na moja. Mnunuzi alihesabu pesa akazitoa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kisha akaongeza pakiti ya sukari. "Hii ya mama," alisema. "Ya chai."

Pesa zile hazikufika kwa baba. Mama alizipokea yeye, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akapitiliza nyumbani mpaka ng'ambo ya barabara.

"Nimekuja kuchukua pipa langu."

"Pipa lako?" jirani alisema. "Mbona lipo kazini? Labda nikuuzie moja." Na akataja bei mara tatu ya aliyoitoa.

"Mbona mimi nilikupa kwa bei ya bure?"

"Vitu vimepanda, mama. Si ndiyo soko huria?"

Alinunua moja. Fundi akatutengenezea benchi jipya kwa mkopo. Jioni ile mama alienda mwenyewe kwa mwenyekiti wa jumuiya, kabla zamu haijatukaribia tena, akamwambia mlangoni, "Wiki yetu ikifika, pitilizeni tu. Kutakuwa na watu." Mwenyekiti alimwambia pole. Mama alisema hapana, hakuna msiba.

Kitambaa cheupe akachujia komoni.

Baba hakuwa na pesa ya mbolea, kwa hiyo shamba likabaki majani, na mtu asiye na shamba wala kazi hukaa nyumbani. Mama alimpa kopo la lita. Baba akawa anawapimia wateja. Alichora mstari kwa msumari ndani ya kopo, mahali lita inapofika sawasawa, na kila aliyelipia lita moja alipewa mpaka kwenye mstari, hakuna tone juu, hakuna tone chini. Aliliinua kopo kwenye mwanga kabla ya kummiminia mteja, jicho moja limefumbwa. Habari zikasambaa. Watu walianza kuja kutoka vijijini, waliokuwa wakipita na shughuli zao mjini, wakaingia kwetu kumwona.

"Bwana Mizani! Nipimie!"

"Bambo lako liko wapi, mkuu? Chomea pipa!"

"Usinipe kilo tisini bwana, mimi nataka lumbesa!"

Karani alikuwa akija mwisho wa mwezi. Vyumba vyake vinne vilikuwa na wapangaji wanne, ukuta wake ulinuka mkojo, na mashavu yake yalikuwa yamelainika. Alilipa taslimu, akanywa kimya, na alikuwa muungwana kiasi cha kutotaja vyumba. Baba alimchukia kuliko wote.

Mara ya mwisho niliyomwona baba akipima ilikuwa mchana wa likizo, kabla sijaondoka Songea. Karani alikuwapo, na dereva wa lori pia. Jina la dereva lilikuwa limesomwa kati ya wanaopunguzwa, amepewa majuma mawili. Alikaa karibu na baba, akasema kwa sauti ya chini kana kwamba yuko kanisani.

"Bwana Mizani, wewe umetangulia. Niambie ukweli. Inatosha ngapi?"

Baba alifungua mdomo. Nadhani angeisema tena ile sitini. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuikunja.

"Mwambie pipa moja," mama alisema kutoka jikoni, bila kugeuka. "Pipa moja, na mwanamke wa kulichochea. Inatosha mpaka ufe."

Benchi likacheka. Wakati ule ule aliingia mzee mmoja mwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani. Nilimjua kabla baba hajamjua. Alikuwa amekonda zaidi, ila lile shati alilofukuzia mbuzi lilikuwa bado lile lile. Alilipia lita moja. Baba alipima, akainua kopo kwenye mwanga, akammiminia kwenye kopo la kunywea, akampa.

Mzee alionja. Akalizungusha lile funda mdomoni, taratibu, akilitafuna, na benchi zima likanyamaza kusikiliza.

"Bado inanyonya hii," alisema. "Irudishe kwa mama yake."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mmoja alianguka kabisa. Dereva alicheka huku akifuta machozi, karani alicheka ndani ya kopo lake, na yule mzee peke yake hakucheka. Alinyoosha kopo mbele. "Ongeza," alimwambia baba. "Weka kilemba."

"Lita ni lita," baba alisema. Alimwinamishia kopo lake, akamwonyesha mstari. "Nimekupa lita yako. Sijakuibia."

"Sijasema umeniibia. Nimesema weka kilemba."

"Lita ni lita!"

Mama akatoka jikoni. Alipita katikati ya magoti ya wale wanaume, akalichukua kopo mkononi mwa mzee, akalitumbukiza kwenye pipa, akalitoa limejaa hadi likawa linamwagika, povu likimteremka kiwikoni. Akampa. Kisha akamgeukia baba, akamwondolea kopo lake la mstari kidole kimoja kimoja, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Kaa," alimwambia. "Si umestaafu?"

Baba alikaa.